Maji ya kisima yakigeuka rangi au kunuka, usianze kwa kununua kichujio

Pesa nyingi hupotea kwenye visima vya majumbani hapa Dodoma kwa sababu mtu ananunua kichujio kabla hajajua uchafu unaingilia wapi. Maji mekundu yanaweza kuwa ya ardhini, ya bomba bovu, au ya simtanki isiyooshwa tangu ifungwe. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Tafuta chupa nne za plastiki zisizo na rangi, zioshe vizuri. Ya kwanza ijaze kwenye bomba linalotoka kisimani, kabla maji hayajafika kwenye simtanki, pampu ikiwa imeshafanya kazi dakika 15. Ya pili ijaze kwenye toleo la simtanki, ya tatu kwenye koki ya jikoni alfajiri kabla mtu hajachota, na ya nne kwenye koki ya maji ya moto kama kuna hita. Nusa kila moja papo hapo, maana harufu huwahi kupotea, kisha ziandike na uziache zitulie hadi kesho yake.

Chupa ya kisimani ikijazwa maji meupe halafu ikaamka na wekundu, na vumbi la kutu limetuama chini, hayo ni madini ya chuma. Huko ardhini yalikuwa yameyeyuka kwa kukosa hewa, na yakishakutana na oksijeni yanageuka kutu. Wenye maji haya wanajua chai ya rangi inavyogeuka nyeusi na mashati ya shule yanavyopata madoa ya njano. Madoa hayo usiyatie dawa ya klorini ya kufulia, itayakoleza. Masalia yakiwa meusi badala ya mekundu, shuku manganizi, madini mengine ya ardhini. Lakini kama chupa ya kisimani imebaki safi na ya jikoni ndiyo nyekundu, kiache kisima. Kagua mabomba ya chuma ya zamani, hasa kama maji yanatakata baada ya koki kukaa wazi dakika chache.

Harufu ya yai viza inayotoka kwenye maji ya moto tu ni ya hita. Ndani yake kuna fimbo ya magnesiamu inayolinda tenki lisile kutu, na fimbo hiyo huwasaidia bakteria kutengeneza gesi ya salfa. Fundi aibadilishe kwa ya aluminiamu na zinki. Harufu ikiwa kwenye chupa ya kwanza, basi iko kisimani. Fungua pia mfuniko wa simtanki: utelezi wa rangi ya chungwa kwenye kuta ni bakteria wa chuma. Kwa kawaida hawaleti ugonjwa, ila huziba vichujio vya kisima na pampu.

Hapo ndipo klorini ina kazi, na wengi huikosea kipimo. Bomba la kisima la inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa kila mita ya maji. Kisima cha mita 80 ambacho maji yanasimama mita 40 kutoka juu kina mita 40 za maji, yaani lita 720. Ili upate miligramu 100 za klorini kwa lita unahitaji gramu 110 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Kuzidisha hakusaidii: maji huwa na alkali nyingi, klorini inapoteza makali, na pampu inaliwa.

Koroga unga kwenye ndoo ya plastiki iliyojaa maji, nje penye hewa. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya unga, na usiuchanganye na dawa ya kusafishia choo. Acha utuame, mimina maji ya juu kisimani. Kisha unganisha mpira kutoka kwenye pampu, urudishe maji kisimani kwa nusu saa ili kuta zote zioshwe. Zima hita, fungua kila koki hadi unuse klorini, funga, acha saa 12 hadi 24. Siku hiyo maji yasitumike kabisa. Baadaye vuta hadi harufu iishe, ukimwaga mbali na bustani, mifugo na shimo la maji taka. Simtanki isuguliwe siku hiyohiyo, la sivyo utelezi utarudi.

Klorini haiondoi chuma chenyewe ardhini. Kama tatizo ni chuma, yapitishe maji kwenye bomba lenye matundu ya milimita 3 hadi 5, yamwagike kama mvua ndani ya simtanki ya lita 1,000 yenye kokoto chini na sentimita 60 za mchanga wa mto uliooshwa. Mtiririko usizidi lita 1,000 kwa saa. Mchanga ukianza kuziba, osha tabaka la juu.

Maji yakichafuka mvua za Desemba hadi Aprili zinaponyesha, mdomo wa kisima unapitisha maji ya juu: inua bomba la kisima angalau sentimita 30 juu ya ardhi, weka kifuniko, jengea zege lenye mteremko pande zote. Yakitoa tope na mchanga mwezi Oktoba au Novemba, mara nyingi kina kimeshuka na pampu imekaribia chini. Ipandishwe, ibaki mita 3 au zaidi kutoka kwenye kitako.

Kisima kifupi chenye harufu asiingie mtu kukisafisha. Gesi ya salfa ikizidi pua huacha kuisikia, na huua.

Harufu ya choo haina mjadala: acha kunywa, pima bakteria na naitreti, yaani chumvi inayotokana na kinyesi na mbolea. Chukua chupa safi kutoka maabara ya maji, uirudishe kwenye barafu siku hiyohiyo. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, mtoto wa chini ya miezi sita asitengenezewe maziwa kwa maji hayo, hata yakichemshwa, kwa sababu kuchemsha huiongeza. Ukiwa upande wa Singida ongeza kipimo cha floraidi, madini ya ardhini yasiyo na rangi wala harufu. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita.