Kumwandika yatima kama umemzaa wewe ili apate viza: inafaa?

Swali: Shekhe, assalaamu alaykum. Mimi nimezaliwa Birere, Goma, lakini naishi Ubelgiji na bwana wangu, miaka mingi hatujajaliwa mtoto na madaktari wamesema tusingoje tena. Goma kuna mtoto wa kike wa mwaka moja na nusu, mama yake alikufa wakikimbia vita Masisi, amebaki na bibi yake ambaye ni mzee na mgonjwa. Baba hajulikani, wanasema alikuwa anachimba madini ya koltani kule Rubaya na tangu vita simu yake haiingii. Ustadhi mmoja alitwambia tusijichoshe na mambo ya adopsio (kumchukua mtoto kisheria), tutafute tu akti (cheti) ya kuzaliwa inayosema mimi na bwana wangu ndio tumemzaa, tuombe viza ya familia, Mungu anajua nia. Wifi yangu pale Goma ananyonyesha mtoto wake na yuko tayari kumshika huyu kwa muda. Tufanye nini?

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu. Swali lako limenisumbua sana, na si juu yako, ni juu ya hilo jibu ulilopewa, maana wewe si wa kwanza kuniletea. Kila vita ikipita watoto wanabaki na akti za uongo zinaongezeka, na sasa naona zinapigwa mpaka muhuri wa dini.

Fadhila za kulea yatima unazijua, sitakurudishia darasa. Tuingie kwenye hiyo akti.

Ni haramu, na sioni mlango wa kuipitisha. Suratul Ahzab aya ya 5 inasema: "Waiteni kwa baba zao, maana huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na ikiwa hamwajui baba zao, basi ni ndugu zenu katika Dini." Huyo ustadhi atakwambia Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimfanya Zayd, mtumwa aliyemwacha huru, mtoto wake. Kweli, watu walimwita Zayd bin Muhammad, lakini aya ilishuka baada ya hapo na ikaanza na nyumba ya Mtume mwenyewe, Zayd akarudi kuitwa bin Haritha. Sasa mtu anachukua jambo lililofutwa na Qur'an anakupa kama dalili, hiyo ni elimu gani? Na mapenzi hayakupungua hata kidogo, Zayd alibaki kipenzi cha Mtume mpaka akafa shahidi kwenye vita vya Mu'ta akiongoza jeshi.

Atasema tena: nia. Nia njema haigeuzi ushahidi wa uongo ukawa ibada, ingekuwa hivyo mwizi anayelisha masikini angekuwa walii. Atasema: dharura. Dharura ni mtu anakufa njaa, hapa mtoto anakula, ana bibi, na wifi yako ana maziwa. Atasema: Congo wote wanafanya. Na mimi nasema ndiyo maana tumefika hapa. Septemba 2013 DGM, idara ya uhamiaji ya Congo, ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliochukuliwa na wageni, juu ya mashaka ya dosie za uongo na ya namna watoto wanavyotunzwa kule wanakoenda, na familia zilizofuata sheria vizuri zikabaki na hukumu ya tribinali (mahakama) mkononi na mtoto hatoki. Uongo wa wachache uliwafungia njia wakweli.

Halafu ona unachomfanyia mtoto mwenyewe. Kwetu mtu anaweza kubeba jina la babu, la mjomba, la rafiki wa familia, jina peke yake silo shida yangu. Shida ni ule mstari kwenye akti unaosema "mtoto wa fulani na fulani." Hapo ndipo unamzika mama yake mara ya pili, unamfuta bibi, unampa urithi usio wake na unamnyima wa kwao, na kesho anaweza kuchumbiwa na kaka yake wa damu hakuna anayejua. Mtume amesema anayejinasibisha na asiye baba yake naye anajua, pepo kwake ni haramu, sasa huyu mtoto unamtwika hilo kabla hajajua kusema. Na ubalozi wanaweza kuomba tesiti ya ADN (DNA), siku hiyo utasema nini?

Lakini kuna kitu kwenye barua yako nimekisoma mara mbili. Unasema baba hajulikani, na mstari huohuo unasema alikuwa anachimba Rubaya na simu haiingii. Dada yangu, huyo si mtu asiyejulikana, huyo amepotea. Kuna tofauti kubwa. Mwaka 2021 volkano ilipolipuka hapa Goma watoto wengi walipotezana na wazazi watu wakikimbilia Sake na Gisenyi, na wengi walirudishwa kwao juu kuna watu walikaa wakatafuta. Mwaka 2007 kule Chad kundi moja la Wafaransa, Arche de Zoé, walikamatwa wakitaka kuondoka na watoto 103 wakisema ni mayatima wa vita ya Darfur, ikaonekana wengi walikuwa wanaishi na familia zao. Na Zayd huyohuyo, baba yake Haritha alimtafuta mpaka akafika Makka. Basi nendeni Msalaba Mwekundu, kutafuta watu waliopotezana na familia ni kazi yao na hawalipishi, wapeni jina la baba, kijiji chake, carrière (mgodi) aliyokuwa anachimba. Akipatikana, yeye ndiye wa kuulizwa. Asipopatikana, mtakuwa mmesimama mahali pa usafi.

Wakati huo anzeni kule mliko. Ubelgiji wazazi wanapita kwanza masomo ya maandalizi, halafu tribinali ya familia inaamua kama wanafaa. Ulizeni mamlaka ya adopsio kama njia ya Congo iko wazi leo kabla ya kumlipa avoka (wakili) hata franga moja, na waambieni wazi mtoto mmeshamjua. Huku Congo ni tribinali ya watoto ndiyo inaamua, na sheria yetu ya familia inamwacha mtoto na uhusiano wake na ukoo aliotoka, hilo ni jema kwetu. Kule Ubelgiji muombe adopsio ya kawaida, ile isiyokata asili, msiombe ile kamili. Karatasi ya jaji inayosema "huyu wamemchukua kumlea" haisemi uongo, kwa hiyo naona inafaa, mradi nasaba yake ibaki imeandikwa. Mkitaka kumpa mali, mpeni zawadi mkiwa hai au wasia usiozidi theluthi.

Sasa jambo la haraka kuliko yote, na hilo ustadhi wako hakuligusa. Mtoto bado hajatimiza miaka miwili ya hijria. Wifi yako amnyonyeshe leo, wiki hii, mara tano za kushiba, kila mara mpaka mtoto aache mwenyewe, hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Shafii. Hapo wifi anakuwa mama yake wa kunyonya na bwana wako anakuwa mjomba wake, maharimu, yaani mtu asiyeweza kumuoa, atakua nyumbani kwenu bila shida ya hijabu mbele yake. Ni lazima awe dada wa bwana wako, maana angenyonyeshwa na dada yako wewe, bwana wako asingepata kitu. Bwana wa wifi naye aambiwe, anakuwa baba wa kunyonya, na watoto wao wanakuwa ndugu zake hawaoani. Andikeni tarehe na mashahidi wawili, karatasi moja ibaki kwa bibi.

Sehemu ya barua yako sikuiweka hapa, ni siri yako, lakini nakujibu. Maneno unayoambiwa na ndugu za bwana hayana haki. Mama Aisha hakuzaa, na bado ni mama wa waumini wote. Usimchukue huyu mtoto ili kufunga midomo yao, haitafungwa, na mtoto atasikia. Mwambie mapema alikotoka, akiwa bado mdogo.

Na bibi je, nani amemuuliza? Barua nzima sikuona neno lake. Mgonjwa au mzima, huyo amezika binti yake na sasa anaombwa kumtoa mjukuu. Mpigie wewe mwenyewe, usitume mtu. Akikataa, mnaweza kumlea mtoto akiwa Goma, dawa za bibi, chakula, baadaye shule, na huo pia ni ulezi kamili mbele ya Mungu. Akikubali, muulize jina kamili la binti yake na mahali alipozikwa, uyaandike.

Wallahu a'lam.