Kabla ya kuubandika mstari ukutani, uliza nani aliyeusema

Kuna mstari ninaouona kila mahali: juu ya meza za maduka, nyuma ya magari, kwenye ujumbe wa kumpongeza mtu aliyefungua biashara. Ni Ayubu 8:7, ule unaosema kwamba ingawa mwanzo wako ulikuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Ni maneno matamu. Aliyeyasema ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu alipopoteza mali, watoto na afya, na mistari mitatu kabla ya hapo alikuwa akimwambia baba aliyetoka kuzika watoto kumi kwamba ikiwa watoto wake walimkosea Mungu, basi Mungu amewatia mkononi mwa kosa lao. Tena ahadi yenyewe ina sharti: kama wewe Ayubu ukiwa safi na mnyofu. Kisha nenda sura ya 42, mstari wa 7, usikie Mungu akimwambia Elifazi, mwingine wa rafiki hao, kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Sisemi uubandue mstari wako. Mwisho wa Ayubu kweli uliongezeka, ingawa haukupitia njia aliyoichora Bildadi. Ninachoomba ni kwamba kila unapofungua Biblia uanze na swali hili: nani anasema hapa, na anamwambia nani? Nimeongoza masomo ya Biblia katika jumuiya yetu ya mtaani hapa Dodoma kwa muda mrefu, na sijaona swali jingine linalofungua andiko kama hilo.

Kitabu cha Ayubu kinatuhusu kwa sababu kinagusa imani ambayo wengi wetu tunayo hata kabla hatujaingia kanisani: malipo ni hapa hapa duniani. Mtu akifilisika, tunajiuliza alimdhulumu nani. Akiugua muda mrefu, kuna atakayenong'ona kuhusu laana ya ukoo, au atasema amefungua mlango kwa adui. Tunakuja kwenye Biblia na imani hiyo, tunachagua mistari inayoiunga mkono, tunarudi nayo nyumbani ikiwa imepakwa mafuta.

Wale rafiki watatu hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalopaswa kututisha. Walisafiri kutoka kwao, walilia kwa sauti, walirarua mavazi, wakakaa chini pamoja na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila mmoja wao kusema neno. Wangapi kati yetu tumewahi kumfanyia mtu hivyo? Elifazi anapoanza kusema katika sura ya 4, anasema kwa upole kama mzee wa kanisa mwenye busara. Mtume Paulo mwenyewe ananukuu maneno ya Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19. Kwa hiyo unaweza kusema neno la kweli kabisa, likawa uongo kwa sababu umemtwika mtu lisilomhusu.

Fuatilia sasa mwendo wa Elifazi. Ukifika sura ya 22 upole umekwisha. Anamtuhumu Ayubu kwamba alimnyima maji mwenye kiu, alimzuilia chakula mwenye njaa, aliwafukuza wajane mikono mitupu. Alizipata wapi habari hizo? Hakuzipata popote. Sisi wasomaji tuliambiwa tangu sura ya kwanza kwamba Ayubu ni mkamilifu na mwelekevu, na aliyesema ni Mungu. Elifazi anatunga dhambi kwa sababu fundisho lake linazihitaji. Ayubu akiwa hana hatia, basi yaliyompata yanaweza kumpata Elifazi pia, na hilo Elifazi hawezi kulibeba. Ayubu alishaliona mapema. Katika 6:21 anawaambia kwamba wameona jambo la kutisha, wakaogopa.

Nimeiona hofu hiyo sebuleni kwa watu. Tulikwenda kumfariji mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Tukaimba, tukasoma, na kabla ya maombi mmoja wetu akasema tumwombe Mungu amfunulie mama ni mlango gani uliachwa wazi. Alisema kwa upendo, nina hakika. Yule mama aliinamisha kichwa, na baada ya hapo hakuonekana kwenye jumuiya kwa muda mrefu. Aliporudi, tulikuwa tumeanza Ayubu. Siku hiyo tulisoma sura ya 3 kwa sauti, ile ambayo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na kuuliza kwa nini hakufa akitoka tumboni. Msomaji alitaka kukatisha katikati, akiona maneno ni makali mno. Mama akamwambia, "Endelea, mwanangu." Baadaye alituambia hakujua kwamba maneno kama hayo yanaruhusiwa ndani ya Biblia.

Yanaruhusiwa, lakini tumeyaficha. Makaburini tunasoma 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na ni sawa tusome. Ila tukiishia hapo tunamfundisha mfiwa kwamba mwamini wa kweli hulia kwa adabu. Waraka wa Yakobo unaisifu subira ya Ayubu, na Ayubu huyo huyo analalamika sura baada ya sura, anadai kesi yake isikilizwe, anamwita Mungu ajibu. Mwishoni Mungu anasema huyu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ukikutana na pande mbili za namna hii katika andiko, usikimbilie kuufuta upande mmoja ili uweze kulala vizuri. Kaa nazo zote mbili.

Halafu Mungu anazungumza katika upepo wa kisulisuli, sura ya 38 mpaka ya 41, wala haelezi chochote. Hatajwi Shetani, mshitaki wa sura za mwanzo, wala hayatajwi mazungumzo yake na Mungu kule mbinguni kuhusu kumjaribu Ayubu. Anauliza habari za mbuni, za mbuzi wa milimani wanaozaa, za farasi, za Lewiathani, yule mnyama wa kutisha wa majini. Katika 38:26 anataja mvua inayonyesha nyikani, mahali pasipo na watu. Kwetu huku, ambako mwaka wa mkulima unategemea miezi michache ya mvua, mstari huo haupitwi haraka. Mvua ya thamani hivyo, inanyesha wasikokaa watu? Tumezoea kuamini kwamba kila jambo linalotokea ni ujumbe kwetu, tuzo au adhabu. Andiko hili linatuonyesha Mungu anayeshughulika na viumbe ambavyo hatutaviona kamwe, na linatuacha na mshangao wetu.

Kila ninapofundisha kitabu hiki, kuna anayeruka moja kwa moja hadi mwisho na kusema: lakini si alirudishiwa mara mbili? Ndiyo, na ni swali zuri, kwa sababu kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000, na mtu anaweza kudhani Bildadi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Angalia mpangilio wa matukio. Hukumu ya Mungu dhidi ya marafiki inatangulia, kabla hajarudi kondoo hata mmoja. Ayubu anawaombea waliomtuhumu akiwa bado hana kitu. Tena idadi ya watoto haizidishwi mara mbili. Anapata wana saba na binti watatu, kama wale wa kwanza, na wale wa kwanza hawarudi. Katika 42:11 ndugu zake wanakuja kula naye na bado wanamfariji kwa mabaya yote yaliyompata. Mali haikuwa jibu la machozi yake, na mwandishi hasemi kwamba ilikuwa.

Je, hii ina maana matendo hayana matokeo? Hapana. Mithali na Kumbukumbu la Torati zinafundisha wazi kwamba njia mbaya ina mwisho mbaya, na anayeendesha gari akiwa amelewa hahitaji nabii wa kumweleza ajali yake. Ayubu kinakataza kurudi kinyumenyume, yaani kuona maumivu ya mtu ukadai umeiona na dhambi yake. Yesu anakataza vivyo hivyo. Katika Luka 13 anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu, na anajibu la. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi. Mtu amesimama mbele yao, wao wanafanya uchunguzi.

Ukitaka kukisoma na kikundi chako, gawa sauti: mmoja Ayubu, mmoja Elifazi, mmoja Bildadi, mmoja Sofari. Kila mtu atataka kuwa Ayubu. Wape sehemu za marafiki wale wanaojua mistari mingi zaidi, waisome kwa moyo wote, kisha uwaulize ni sentensi ipi wameshawahi kuitumia. Someni 42:7 siku ya kwanza, halafu rudini mwanzo, ili kila hotuba nzuri ya marafiki isikike kwa sikio linalojua ilivyohukumiwa. Sura za 15 hadi 21 zinazunguka hoja zile zile, mnaweza kuchagua sehemu tu. Hotuba za Elihu, kijana anayeingilia mazungumzo baada ya marafiki kunyamaza, ziacheni kwa siku yake, kwa kuwa Mungu hamtaji hata kumkemea na mtabishana sana. Na kama katika kikundi kuna aliyefiwa juzi, ahirisheni somo. Mpelekeeni chakula, mkae naye, na anayetaka kuanza kufafanua mumwombe akachote maji.