Je, bwawa na raketi vitamharibia mwanangu maombi ya chuo?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Moshi. Mwanangu anasoma shule binafsi ambako ameogelea na kucheza tenisi tangu darasa la tatu, na mwakani anakusudia kuomba vyuo vya Marekani. Rafiki yangu amenitia hofu kwamba vyuo hivyo vimechoshwa na watoto wa kishua, hivyo afiche michezo hiyo na aandike kwamba anajitolea katika kituo cha yatima. Ninaishi pia na mpwa wangu wa shule ya kata, aliyekimbia mita 5,000 katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Niwashauri nini?
Mama wa Shanty Town

JIBU: Mama, nianze na la nyumbani kwa kuwa ni fupi: vyuo vyetu hudahili kwa ufaulu, kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na medali haiongezi alama katika matokeo ya kidato cha sita. Marekani ni tofauti, na huko michezo hupita njia mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya kocha wa chuo, ambaye humchagua mchezaji anayemhitaji na kumwombea nafasi katika ofisi ya udahili. Nguvu yake ni kubwa mno. Takwimu zilizotolewa katika kesi ya kupinga kigezo cha rangi katika udahili wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitolea uamuzi Juni 2023, zilionyesha kwamba takribani asilimia 86 ya wanamichezo walioombewa na makocha walikubaliwa. Manung'uniko kuhusu upendeleo yanatoka hapa, nami naona yana haki, kwa sababu tenisi au kupiga makasia hudai fedha za wazazi tangu utotoni. Mwaka 2019 ilifichuka hata kwamba wazazi matajiri walimlipa dalali William Singer ili watoto wao wapokelewe kama wanamichezo, ilhali baadhi yao hawakuwa wachezaji kabisa. Wazazi na makocha kadhaa walihukumiwa.

Mwanao, kama muda wake majini si wa kumvutia kocha, atapita njia ya pili, ambapo michezo ni shughuli mojawapo katika fomu ya maombi. Common App, yaani fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi kumi za shughuli, na shule nayo hutuma maelezo yake, kwa hiyo ofisa wa udahili anajua tayari ni shule ya namna gani na hawezi kushtushwa na bwawa. Atakachotafuta ni kile kijana alichokifanya kwa nafasi aliyopewa: je, aliwahi kuwafundisha wadogo zake kuogelea, au aliendelea na mazoezi alipokuwa akishindwa? Aandike ukweli huo bila kujitetea. Ushauri wa kituo cha yatima naukataa kabisa, kwani kuwatembelea watoto wale kwa miezi miwili ili kupendezesha insha ya maombi ni kuwatumia, na watoto hao wamekwisha kupungukiwa vya kutosha.

Kuhusu mpwa wako nina matumaini makubwa zaidi. Mbio hupimwa kwa saa, na saa haiulizi ada ya shule. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa chuo cha Texas kilichopo El Paso. Kijana apate muda wake katika mashindano yanayotambuliwa, kisha awaandikie makocha yeye mwenyewe. Akitokea wakala anayedai malipo ya kumtafutia chuo, mwepukeni. Mfahamu pia kwamba ufadhili wa michezo hutolewa na vyuo vya daraja la kwanza na la pili vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani na kuvigawa katika madaraja ya mashindano, si vya daraja la tatu, na vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo mashuhuri kama Harvard, navyo havitoi, bali husaidia kulingana na uwezo wa familia. Kazi anazofanya nyumbani, kama kulea wadogo au kuuza sokoni Mbuyuni, zina sehemu yake katika fomu ile ile, wala asizione duni.

Mnunulie viatu vya mbio, lakini msimamie pia masomoni: kwa vyuo vya daraja la kwanza na la pili, NCAA hukagua matokeo ya sekondari kabla ya kumruhusu mwanafunzi kushindana, na kocha hawezi kumsaidia aliyeanguka hapo.