Maswali ya Wasomaji: Niweke antivirusi gani kwenye kompyuta ya nyumbani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimenunua laptopu ya mtumba Kariakoo, ina Windows 10, ramu GB 4, diski ya kawaida sio SSD (zile diski za kasi). Tunaitumia mimi na wanangu wawili wa sekondari. Shida kubwa ni flashi, kila tukitoka kuprinti steshenari tukirudi mafolda yote yamegeuka shotikati. Fundi wa hapa mtaani anasema antivirusi ya Windows haina nguvu, ataizima aniweke ile kubwa ya kulipia ambayo ameshaikraki, elfu 15 tu, na eti miaka mitatu haitaniuliza hela. Jirani naye anasema niweke mbili zisaidiane. Nimechanganyikiwa, na bando langu ndo hivyo la kuungaunga. Naomba msaada. (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

JIBU: Salama dada yangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hiyo elfu 15. Naanza na la fundi kwa sababu ndo linaloniuma zaidi, kila wiki nakutana nalo. Antivirusi iliyokrakiwa usiweke, hata akikupa bure usiweke. Fikiria, antivirusi ni programu inayopewa ruhusa ya kusoma kila faili ulilonalo, picha za watoto, vyeti, paswedi, kila kitu, sasa hiyo ya kraki kuna mtu usiyemjua kaifungua kaichokonoa ndani halafu kaifunga tena, na hujui kaacha nini humo. Halafu kampuni ikigundua namba za kuiwashia ni za wizi inazifunga na apdeti zinakata, na antivirusi isiyopata apdeti haivijui virusi vilivyotoka juzi, ipo ipo tu inakula ramu.

Na angalia sharti la kwanza la kila kraki ni lipi: zima antivirusi yako kwanza. Siku zote. Kwa hiyo mimi mtu akiniuliza antivirusi ipi nzuri huwa namuuliza kwanza, ni nani anakuambia uizime hiyo uliyonayo, na anataka kuingiza nini?

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwezi uliopita mama mdogo aliniletea laptopu yake, anasema ikifunguliwa tu kurasa za kubeti zinajifungua zenyewe. Nikaangalia ile ngao ndogo pale chini karibu na saa, ina tiki ya kijani, kila kitu shwari. Nikaskani, safi. Nikaskani tena, safi. Ndo nikaingia Windows Security, kwenye mipangilio ya virusi, nikashuka mpaka chini kabisa panapoandikwa Exclusions, nikakuta mstari mmoja tu: C:\ basi. Yaani mtu au programu fulani iliiambia antivirusi isiguse chochote kilichomo kwenye diski C, na diski C ndo kompyuta yenyewe. Ngao inabaki kijani kwa sababu kwa hesabu yake inafanya kazi, ila haiangalii popote. Ilikuwa imeingia pamoja na programu moja ya kuediti video aliyowekewa na kijana mmoja. Niliufuta ule mstari nikaskani upya, hapo ndo vikaanza kutoka, kumi na kitu. Naomba leo hii kabla ya jambo lingine lolote ufungue hapo uangalie. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, kitoe.

Sasa uweke ipi? Baki na hiyo hiyo uliyonayo, inaitwa Microsoft Defender, imo ndani ya Windows 10 na 11, hailipiwi na haina tarehe ya kwisha. Maneno ya kwamba haina nguvu ni ya zamani, na zamani yalikuwa kweli. Siku hizi kuna maabara huru zinazozipima antivirusi, kubwa ni AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, na Defender kwa miaka kadhaa sasa mara nyingi inapata alama za juu kwenye ulinzi, pamoja na zile za kulipia. Panapoiangusha kidogo ni uzito, kompyuta yenye ramu GB 4 na diski ya kawaida utaisikia inavuta miguu pale unapokopi mafaili mengi. Ila dada, hapo dawa sio antivirusi nyingine, hiyo elfu 15 iweke pembeni, ongezea taratibu ununue SSD, utaona laptopu imefufuka. Na ile skani ndefu ya kompyuta nzima ifanye usiku mmelala.

La jirani, mbili kwa pamoja, hapana. Zote zinataka kulifungua faili lile lile kwa wakati mmoja, zinavutana, na moja inaweza hata kuishuku nyenzake. Windows yenyewe inalijua hilo, ukiingiza antivirusi nyingine inayotambulika Defender inakaa pembeni yenyewe.

Flashi sasa. Wale virusi wa shotikati wengi hawafuti mafaili yako, wanayaficha tu halafu wanatengeneza shotikati yenye jina lile lile na kale kamshale kadogo kwenye kona. Wewe ukiona folda la kazi za shule unalibonyeza, kumbe umewasha kirusi, na kinahamia kwenye laptopu. Kwa hiyo ukirudi nyumbani usibonyeze chochote ndani ya flashi. Fungua pale kompyuta inapoorodhesha madiski, bonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua kuskani na Defender, subiri imalize. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri, andika cmd kwenye kutafuta utaliona, na kama flashi yako ni herufi F andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Halafu bonyeza enta. Mafolda yako yatatokea, ukishayaona kopi ya kwako, hizo shotikati futa, flashi fomati. Ila kuliko kuhangaika kila siku, mtumie wa steshenari faili kwa WhatsApp au imeili likiwa PDF, aprinti, flashi ibaki nyumbani. Pale steshenari flashi mia zinapita kwenye kompyuta moja kwa siku, yule dada wa pale hana kosa, hata akiskani asubuhi mchana imeshachafuka tena.

Bando. Apdeti za Defender za kila siku sio kubwa ukizichukua mara kwa mara, zinaumiza pale unapokaa miezi bila intaneti maana inaweza kushusha fungu zima zaidi ya MB 100. Washa hotspoti hata mara mbili kwa wiki, ingia mwenyewe ubonyeze kutafuta apdeti, maana kama umeiambia Windows kwamba intaneti yako ni ya kupimwa (metered, yaani ya bando) apdeti nyingine zitakaa zinasubiri. Na usichukue za antivirusi tu ukaacha za Windows yenyewe. Kile kirusi cha WannaCry kilichofunga mafaili kwenye nchi kama 150 na kudai dola 300 kilianza tarehe 12 Mei 2017, na kiraka cha kuziba tundu la Windows kilimopitia Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi mwaka huo huo. Miezi miwili. Walioumia wengi ni ambao hawakukiweka.

Hapo ndo nikukumbushe, Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameruhusu watu wa majumbani kujiandikisha kupata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, jiandikishe kwenye ukurasa wa apdeti wa hiyo laptopu, na kama inakubali Windows 11 basi hamia. Defender yenyewe kwenye Windows 10 wamesema itaendelea kupewa taarifa za virusi wapya mpaka angalau Oktoba 2028, ila mashimo ya Windows yenyewe hayazibwi na antivirusi.

Na watoto watengenezee akaunti yao ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Wakitaka kuingiza gemu lolote linalotaka kugusa mfumo kompyuta itadai paswedi yako, na wewe ndo utaamua.

SWALI: Mambo vipi, mimi ni mwanafunzi wa chuo Nairobi. Nataka antivirusi ya bure lakini sio Defender, nilikuwa natumia Avast rafiki akaniambia inauza data. Kaspersky nayo nasikia Marekani wameipiga marufuku. Niende wapi?

JIBU: Poa ndugu yangu. Rafiki yako hakukudanganya. Avast walikuwa na kampuni tanzu inaitwa Jumpshot, ilikuwa inauza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wanatembelea, ikafungwa Januari 2020 baada ya waandishi kulianika jambo hilo, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawataka walipe dola milioni 16.5 na kuwakataza kuuza data za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Ukitaka kuhama ujue pia kwamba Avast, AVG, Avira na Norton zote siku hizi ni za mwenye mali mmoja, Gen Digital, kwa hiyo kutoka Avast kwenda AVG ni kuhama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Kaspersky ni kweli, Marekani walizuia isiuzwe kuanzia Julai 2024 na apdeti zikakatwa kule mwishoni mwa Septemba, sababu yao ni kwamba kampuni ni ya Urusi na serikali ya kule inaweza kuishinikiza, Kaspersky wenyewe wanakana. Marufuku hiyo ni ya Marekani, haikufungi wewe Nairobi, na kwenye kupimwa Kaspersky imekuwa miongoni mwa bora na nyepesi kwa miaka mingi. Mimi binafsi kama sitaki Defender ningeweka Bitdefender ya bure, ya Waromania, inakaa kimya haikusumbui sana. Ukipata hela ya kununua tazama ESET ya Slovakia, ni nyepesi. Ila ichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, sio kwenye kiungo cha Telegram.

SWALI: Kaka nisaidie haraka. Mpwa wangu kaingiza programu ya kraki, sasa picha zote za harusi na za marehemu baba zimeongezewa herufi za ajabu mwishoni hazifunguki. Kuna karatasi inaitwa _readme.txt inadai dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nilipe 490. Nilipe? (Mwanza)

JIBU: Pole sana kaka, pole kweli. Usilipe. Hizo bei na hiyo karatasi ni za familia moja ya virusi inaitwa STOP au Djvu, na njia yake kubwa ya kuingilia ni hizo hizo kraki. Kulipa hakukuhakikishii chochote na saa 72 ni za kukutia presha tu.

Kwanza kata intaneti, chomoa kila eksteno (diski ya nje) na flashi. Iskani kompyuta kwa skani ya ofulaini ya Defender, itazima na kuwaka upya ikitafuta virusi kabla Windows haijafunguka, inachukua kama robo saa. Badili paswedi zako zote ukitumia simu, sio hiyo kompyuta, maana virusi vya aina hii mara nyingi vinakuja na mwenzao wa kuiba paswedi. Halafu ingia tovuti ya No More Ransom, ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, pamoja na kampuni za usalama, ni bure, unapandisha mafaili mawili yaliyofungwa na ile karatasi wanakuambia kama ufunguo upo. Kampuni ya usalama ya Emsisoft walitoa kifunguzi cha STOP mwaka 2019, kinafungua aina nyingi za zamani na baadhi ya mpya, sio zote.

Na kama wakikuambia ufunguo bado haujapatikana, usifomati. Kopi hizo picha zilizofungwa hivyo hivyo pamoja na _readme.txt kwenye eksteno, andika tarehe juu yake, weka kabatini, na kila baada ya miezi michache rudi kujaribu. Wakati huo pitia simu za ndugu, magrupu ya WhatsApp ya harusi na ya msiba, anza na yule aliyekuwa anapiga picha.