Maswali na Majibu: Mji Mdogo au Jiji Kubwa la Jirani?

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Jiji kubwa limekuwa ghali, mji mdogo uko saa moja au mbili kutoka hapo, na watu wanauliza kama kuhama kutawaachia chochote mfukoni. Nawajibu mmoja mmoja, kwa sababu hesabu ya mseja si ya mwenye familia.

Pango la mji mdogo ni nusu ya ninalolipa jijini. Je, maisha nayo yatakuwa nusu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Pango hutofautiana kuliko karibu kila kitu kwa sababu ardhi haihamishiki. Mwanauchumi William Alonso alilieleza hili mwaka 1964: bei ya ardhi hushuka kadiri unavyokiacha kitovu cha kazi, kwa kuwa kila mtu anapima ukubwa wa eneo atakalopata dhidi ya nauli na muda atakaopoteza. Simu, dawa, mafuta ya gari na vifaa vya umeme havifuati mkondo huo. Mara nyingi hutoka kwenye maghala yaleyale, na mji mdogo unaweza hata kuviuza kwa bei ya juu zaidi, kwani gharama ya kuvisafirisha imeongezwa na wauzaji ni wachache. Vinavyoshuka pamoja na pango ni huduma za mikono: kunyoa, kushona, kutengeneza bomba, kulea mtoto. Anayezitoa naye analipa pango dogo.

Kama pango ni asilimia 30 ya matumizi yako na likapungua nusu, umeokoa asilimia 15. Ni fedha nzuri, lakini si nusu ya maisha.

Nataka kuhamia mji mdogo huku nikiendelea na kazi jijini, niende na kurudi kila siku. Nauli nimeipigia hesabu, bado nina faida.

Nauli umeihesabu, muda je? Tuseme ni dakika 90 kwenda na 90 kurudi. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 66 kwa mwezi, yaani zaidi ya siku 8 za kazi za saa 8. Mshahara uliokuwa wa saa 176 sasa unaufuatilia kwa saa 242, na kila saa unayoitoa kwa ajili ya kazi imeshuka thamani kwa asilimia 27 hivi. Benki hutaliona hilo. Utaliona pale unapomlipa mlezi wa mtoto hadi usiku, unaponunua chakula njiani kwa kukosa muda wa kupika, au unapoikataa kazi ya ziada kwa sababu usafiri wa mwisho unaondoka.

Alois Stutzer na Bruno Frey, wachumi wa Uswisi, walichambua takwimu za kaya za Ujerumani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Nadharia ilitarajia kwamba safari ndefu ya kazini ingefidiwa na nyumba nafuu au mshahara mzuri zaidi. Walichokuta ni kwamba wenye safari ndefu walikuwa wameridhika na maisha kwa kiwango cha chini kuliko wenye safari fupi. Naomba uuchukulie utafiti huo kwa uzito.

Ukiruhusiwa kwenda ofisini siku 2 tu kwa wiki, saa hizo 66 zinakuwa 27 hivi, na hapo mpango wako una mashiko. Ila ruhusa hiyo ipate kwa maandishi kwanza. Na kabla hujalipia nyumba, safiri njia hiyo Jumatatu asubuhi, saa ya foleni. Jumapili mchana barabara hukudanganya.

Mwajiri anasema nikihamia tawi la mji mdogo mshahara utapungua asilimia 20. Maisha huko nayo yako chini kwa asilimia 20. Si ngoma droo?

Ingekuwa droo kama ungekuwa unautumia mshahara wote hapohapo unapoishi. Fanya mshahara wa sasa uwe 100: matumizi ya kila siku 50, rejesho la mkopo 20, akiba 30. Ukihama, mshahara unakuwa 80 na matumizi yanashuka hadi 40, lakini mkopo unabaki 20 uleule. Akiba inakuwa 20. Umepoteza theluthi nzima ya akiba yako, na michango ya pensheni inayokatwa kwa asilimia ya mshahara nayo imepungua.

Kwa mfano huu, punguzo ambalo halikuumizi ni asilimia 10, si 20. Weka takwimu zako halisi, upate kiwango chako, kisha nenda nacho kwenye mazungumzo. Mwajiri naye anaokoa pango la ofisi. Hana sababu ya kuchukua nafuu yote peke yake.

Mtandaoni kuna orodha zinazoipa miji alama za ughali. Nizitegemee?

Kwa kupata picha tu. Orodha maarufu kama ya kampuni ya ushauri ya Mercer huifanya New York kuwa 100, yaani kipimo cha kulinganishia miji mingine, na hutumiwa na makampuni kupanga malipo ya wafanyakazi wanaopelekwa nchi za nje. Kapu lao si lako. Tangu 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kuwa kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Andika mwenyewe vitu unavyonunua kila mwezi, uulize bei zake pande zote mbili, na ulinganishe vyumba viwili kwa vyumba viwili.

Mume wangu amepata kazi mji mdogo. Taaluma yangu haina nafasi huko.

Dada yangu, usikubali hesabu inayoanza na pango. Anza na mshahara wako unaoweza kupotea. Wachumi Dora Costa na Matthew Kahn waliandika mwaka 2000 kwamba wanandoa ambao wote ni wasomi wa chuo wanazidi kukusanyika kwenye majiji makubwa, na sababu kubwa ni ugumu wa kupata kazi mbili za taaluma mahali pamoja. Nyumba nafuu ni nadra kuziba pengo la mshahara wa pili.

Ni kweli pango lisizidi asilimia 30 ya kipato?

Kiwango hicho kina asili yake. Mwaka 1969 sheria iliyopendekezwa na seneta Edward Brooke wa Marekani iliweka ukomo wa asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 ukapandishwa hadi 30. Kwa swali la kuhama, mimi hujumlisha pango na usafiri. Pango la asilimia 20 lenye nauli ya asilimia 18 ni mzigo mkubwa kuliko pango la 30 lenye nauli ya 4.

Nimestaafu, nina nyumba jijini. Niiuze nikaishi mji mdogo?

Mzee wangu, wewe una nafasi nzuri kuliko wote walioandika: pensheni haipungui kwa kuhama, na huna foleni ya asubuhi. Angalia tu umbali wa daktari bingwa unayemhitaji, ukiweka na nauli ya mtu wa kukusindikiza. Nyumba usiiuze bado. Ipangishe, nawe panga huko mwaka mmoja kwanza, maana ukiiuza halafu huko kusikufae, bei za jijini zinaweza kukuzuia kurudi.