Fila za usoni: kabla hujauliza bei, uliza kama dawa ya kuiyeyusha ipo hapo chumbani

Mdogo wangu nimesoma swali lako na majibu yote ya hapo juu, nusu wanakwambia utaharibika uso nusu wanakwambia nenda utapendeza, sasa mi naomba nikujibu kwa kirefu maana fila, yani ile jeli ya kujaza uso, ninazo mwenyewe mashavuni, naishi Uingereza huku Reading na kazi yangu ni unesi, haya mambo nimeyaona kwa pande zote mbili. Umesema kuna dada anatoka Dubai anakuja kukaa wikiendi kwenye saluni moja Sinza, Dar, anadunga midomo na chini ya macho kwa bei ya ofa, na unataka kujua faida na hatari.

Kwanza kuna mtu amechanganya fila na Botox. Botox inalegeza msuli, ile mikunjo ya paji la uso inatulia. Fila inajaza, ni jeli inadungwa chini ya ngozi, na nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki ambayo hata mwili wako unayo, kwenye ngozi na kwenye maungio, kazi yake kushika maji. Restylane na Juvéderm ni za kundi hili. Bomba moja la sindano kwa kawaida lina mililita 1 tu, na kijiko cha chai kinabeba 5, kwahiyo ukiona mtu anakuahidi uso mzima kwa bomba moja la bei chee jiulize anakudunga nini.

Faida zipo na sitaki kuzipunguza. Sisi weusi ngozi yetu inachelewa kukunjamana, melanini, ile rangi ya ngozi, inatukinga na jua, ila uzee wetu unaanzia katikati ya uso, mashavu yanashuka na chini ya macho panabonyea, unaonekana umechoka hata kama umelala vizuri. Hicho ndo kilinipeleka mimi, kila nikiingia zamu watu wananiuliza unaumwa? Daktari hakunidunga chini ya macho penyewe, alinidunga juu ya mfupa wa shavu, akaniambia shavu likinyanyuka kile kivuli kinapungua chenyewe, na kweli kilipungua. Nilivimba, upande mmoja ukavilia damu, baadae ikatulia, na hakuna aliyegundua, walisema tu naonekana nimepumzika. Mi nafurahia uso wangu na sioni haya kusema.

Halafu wale wanaosema ni tamaa tu ya warembo, naomba wanisikilize kidogo. Shangazi yangu alianza ARV enzi zile za vidonge vya Triomune, ndani yake kulikuwa na stavudini, dawa iliyookoa watu wengi sana kwetu ila ilikuwa inakula mafuta ya usoni, mashavu yanaisha kabisa, mtu anapita sokoni watu wanamwangalia na wanajua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziachane nayo, lakini mashavu yakishaenda hayarudi kirahisi. Fila inayoitwa Sculptra, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliipitisha 2004 kwa ajili ya watu wa aina hii hasa, wenye HIV walioishiwa nyama za uso. Shangazi hakuwahi kuipata, alizoea kujitanda khanga mpaka karibu na macho kila akitoka. Ndo maana mtu akiniambia fila ni upuuzi naumia.

Sasa hatari. Kuvimba, kuuma, kuvilia damu, hayo ni ya kawaida na yanapita. Yanayofuata ni ya kukaa nayo: vinundu vinavyojitokeza miezi baadae, jeli kusogea kutoka midomoni mpaka juu ya mdomo mtu anaonekana kama amevimba, na chini ya macho ngozi ni nyembamba sana, jeli ikikaa juujuu inaonekana rangi ya bluu. Ukiwa na ngozi yetu ongeza madoa meusi pale sindano ilipopita, na kama una historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba, sema mapema. Wanaotokwa na vipele vya homa mdomoni pia waseme, sindano inaweza kuviamsha. Na hii ya kwamba inaisha yenyewe kwa miezi sita mpaka kumi na nane, usiichukulie kama ahadi, vipimo vya MRI vimewahi kuonyesha fila bado ipo usoni miaka mingi baada ya kudungwa.

Kubwa kuliko yote, hii tafadhali isome mara mbili, ni jeli kuingia kwenye mshipa wa damu au kuubana. Damu haipiti, ngozi ya pale inaanza kufa. Na mishipa ya uso imeungana na ya jicho, kwahiyo jeli ikisukumwa nyuma inaweza kufika huko mtu akapofuka, na imeshatokea, wengine wamepata hadi kiharusi. Ni nadra, ila puani na katikati ya nyusi ndo pabaya zaidi. Vitabu vinasema angalia ngozi ikiwa nyeupe ghafla, lakini kwetu haiwi nyeupe hivyo, inaweza kuwa kijivu au na mabaka mabaka kama ramani, wakati mwingine huoni kitu kabisa. Kwahiyo amini maumivu, maumivu makali yasiyolingana na sindano, na bonyeza kwa kidole uone rangi inarudi haraka au inachelewa, linganisha na upande wa pili.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa tunafanya nae kazi alidungwa midomo sebuleni kwa mtu, huku huku Uingereza. Usiku mdomo unamuuma hawezi kulala, anampigia yule aliyemdunga anaambiwa weka barafu unywe Panadol. Barafu! Mshipa umezibwa unahitaji joto uongeze damu, barafu inaubana zaidi. Asubuhi nikamwangalia, mdomo wa juu umekuwa na mabaka ya kijivu mpaka karibu na pua, tukamkimbiza kwa daktari akadungwa hayaluronidasi, ndo dawa yenyewe ya kuyeyusha hizi jeli za hayaluroniki. Mdomo ulipona, doa jeusi lilikaa muda mrefu.

Na hapa ndo kuna kitu kinanikera sana. England kisheria kumdunga fila mtu mzima sio lazima uwe daktari, walichokataza tangu Oktoba 2021 ni kuwadunga walio chini ya miaka 18. Lakini hayaluronidasi ni dawa ya cheti cha daktari. Yani mtu anaruhusiwa kukudunga kitu ambacho yeye mwenyewe hana ruhusa ya kukuyeyushia! Sasa kama huku iko hivyo, huyo wa wikiendi Jumatatu akiwa ndani ya ndege utampigia nani?

Kwahiyo mi nakushauri hivi. Midomo kama unaitaka sana fanya, ila kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, ikiwezekana daktari wa ngozi, na tunao, wengi wamesomea pale hospitali ya KCMC Moshi. Chini ya macho mwache kabisa huyo wa saluni, hiyo ni sehemu ngumu hata kwa wazoefu. Boksi lifunguliwe mbele yako, piga picha jina na namba ya toleo. Silikoni ya maji usikubali hata bure, haitoki tena. Na vile vikalamu vya kusukuma fila bila sindano vinauzwa mtandaoni, FDA ilivionya 2021, achana navyo. Radiesse na hiyo Sculptra ni fila halali ila hayaluronidasi haiziyeyushi, kwahiyo kwa mara ya kwanza bora ya hayaluroniki. Kama una mimba au unanyonyesha subiri. Aspirini na ibuprofeni kama sio za daktari acha siku kadhaa kabla, zinaongeza kuvilia damu. Jino la kung'oa ling'oe kwanza upone. Na kama una aleji ya kuumwa na nyuki sema, kwasababu hayaluronidasi ipo pia kwenye sumu ya nyuki.

Ukishadungwa popote pale jicho likaanza kuona ukungu au giza, usisubiri mtu akujibu meseji, nenda emajensi ya hospitali kubwa na uwaambie neno fila mlangoni, hapo zinahesabiwa dakika.

Leo mwandikie huyo dada umuulize mambo mawili, jina la fila na kama anakuja na hayaluronidasi. Akikujibu kwamba za kwake ni za asili hazihitaji dawa hiyo, dai advansi yako kama umeshatoa.