Damu ya sadaka, si ya mchango

Swali lenu la wiki hii, "Ungeazima nini kutoka kwenye ibada ya jirani yako?", nimelisoma nikiwa zamu ya usiku, mbele ya friji ya damu iliyobaki na chupa mbili za kundi O. Sikuhitaji kufikiri sana. Ningeazima neno moja la Kigujarati: raktadan, yaani sadaka ya damu.

Mimi ni Mwislamu wa Muheza, mtaalamu wa maabara hapa Dar es Salaam. Kazi hii nilisomea Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, na chumba nilichopanga hakikuwa mbali na Kalupur, ambako lipo hekalu la kwanza kabisa la Swaminarayan, lililofunguliwa mwaka 1822. Wenyewe ni Wahindu wanaomfuata Sahajanand Swami, mtawa aliyezaliwa mwaka 1781. Nyama hawali, na vitunguu pia hawali, jambo lililonitesa mimi niliyezoea kuamini kwamba chakula chochote huanzia kwenye kitunguu. Ndugu zao wako huku pia. Ukipita Mtaa wa Kisutu jioni ukasikia kengele za arti, ibada ya kuzungusha taa mbele ya sanamu, baadhi ni zao.

Jumapili moja mwenzangu wa chumba aliniambia twende hekaluni, kuna shibir, yaani kambi. Nilidhani ni kambi ya mafundisho. Ghorofani watu walikuwa wakiimba kirtan kwa ngoma na matoazi, na ukumbi wa chini vitanda vimepangwa mistari miwili, upande wa wanaume na upande wa wanawake, kama wanavyokaa kwenye ibada. Mtu anamaliza arti juu, anashuka pekupeku, paji la uso bado lina alama ya msandali na duara jekundu, anakunja mkono wa shati na kulala kitandani. Akiinuka anapewa chai ya maziwa mengi, biskuti na prasadi, chakula kilichobarikiwa hekaluni. Hapakuwa na hotuba ya kubembeleza mtu, wala fulana za bure. Bibi mmoja alikuwa akigombana na daktari kwa sababu amekataliwa kwa umri.

Upande wa wanawake ndiko niliona huzuni. Tone la damu yako hudondoshwa kwenye maji ya buluu. Likizama haraka, damu inatosha, likielea, unarudi nyumbani. Kiwango ni gramu 12.5 za hemoglobini kwa desilita moja ya damu, na wanawake wengi wa India wana upungufu wa madini ya chuma. Wasichana walikuwa wakilitazama tone lao linavyoelea kama mtu anayetazama matokeo ya kidato cha nne. Mimi mwenyewe nilirudishwa. Nilikuwa nimetoka likizo Muheza, nimeugua malaria na kumeza dawa. Nikaambiwa nisubiri miezi mitatu.

Basi nikakaa kwenye kiti kumsubiri mwenzangu, nikamuuliza mzee mmoja wa pale, bhai, damu hii ni ya nani? Akanijibu hajui, na hapaswi kujua. Rakta ni damu, dan ni sadaka. Kuna annadan, ukitoa chakula, na vidyadan, ukitoa elimu. Dan ikishatoka mkononi haina tena jina lako.

Sasa sisi tunasemaje? Tunasema "kuchangia damu". Neno lile lile la harusi. Na mchango wa Mtanzania mnaujua: una kadi, una daftari la ahadi, una kikao, na una kumbukumbu ndefu kuliko ndoa yenyewe. Nilikuchangia, utanichangia. Ndiyo maana damu yetu huja hivyo hivyo. Shangazi akilazwa, ukoo mzima unapigiwa simu, watu wanakuja watano, wawili wanakimbia wakiona sindano, tunapata chupa mbili za kufidia alizotumia shangazi. Asiye na ukoo mjini je? Mama anayevuja damu baada ya kujifungua saa nane usiku hana muda wa kuunda kamati.

Msidhani India walizaliwa wakarimu. Kwa miaka mingi hospitali zao zilinunua damu kwa mafukara waliojiuza mara kwa mara, hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilipotoa hukumu mwaka 1996 na biashara hiyo ikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Pengo lile lilitaka watu wa kulijaza, na mahekalu ni miongoni mwa waliolijaza. Gujarat wana sababu nyingine ya karibu zaidi, thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioshika sana jamii kama za Walohana na Wasindhi. Mtoto mwenye thalasemia kali huongezewa damu kila baada ya wiki mbili hadi nne, maisha yake yote. Sisi tuna selimundu, na Tanzania iko miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani, kwa hiyo tusijione tuko mbali.

Lakini kilichonivutia zaidi, kama mtu wa friji, ni kalenda. Wanirankari, kundi jingine la India, ambao wana asili ya Kalasinga na husema wao si dini bali njia ya kiroho, hufanya kambi kila tarehe 24 Aprili. Siku hiyo mwaka 1980 kiongozi wao, Baba Gurbachan Singh, aliuawa kwa risasi mjini Delhi. Mwaka 1986, chini ya mwanawe Baba Hardev Singh, wakaanza kutoa damu. Mwishoni mwa Aprili joto limeanza, vyuo vinakaribia likizo, na benki za damu za India hukauka. Huku kwetu friji hukauka shule zikifungwa, maana wanafunzi ndio tunaowategemea, na hukauka tena mwezi wa Ramadhani. Tarehe ya ibada haijui likizo ya shule.

Kasoro ipo, nisiwapambe mno. Chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano tu. Kundi linalotaka sifa ya rekodi likitoa mlima wa damu siku moja, nyingine itamwagwa. Wenye akili hugawa: tawi hili mwezi huu, tawi lile mwezi ujao, na mahekalu huikwepa Ekadashi, siku ya Wahindu ya kufunga, kwa sababu mtu mwenye njaa ataanguka.

Mwaka huu nililipeleka jambo hili msikitini kwetu, nikaomba tuweke vitanda siku ya Maulidi na tuite sadaka. Sheikh alikubali kwa sharti moja: pilau iliwe baada ya kutoa damu, si kabla, maana anawajua watu wake. Nikamwambia kitaalamu mtu lazima ale kwanza. Tulibishana hadi adhana ya alasiri, tukaafikiana chai na maandazi kabla, pilau baadaye.